Jicho Moja Likiwa Jekundu: Tulipime Kabla ya Kulitibu



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na dada zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, tunamshukuru Mola aliyetujaalia neema ya kuona, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Baada ya hayo, wiki hii tumeona tuzungumze juu ya jicho. Hatukusudii magonjwa yote ya macho, bali ugonjwa mmoja ambao wengi wetu huupa jina la ugonjwa mwengine, nao ni jicho kushambuliwa na virusi vya herpesi.

Tumeandika haya kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa ugonjwa huu huweza kupofusha, na mara nyingi hupata nguvu ya kupofusha kutokana na dawa iliyonunuliwa kwa nia njema. Ya pili ni kuwa jina lake limeingia doa. Wako wanaoogopa kupimwa kwa ajili ya jina hilo, na wako ambao wakishapimwa hurudi nyumbani na karatasi inayozua fitina baina ya mume na mke. Mambo haya mawili yana ponyo moja: kujua ni vipimo gani hufanywa, vinaeleza nini, na vipi haviwezi kueleza.

Macho mekundu na jicho jekundu

Hatujasahau mwanzo wa mwaka 2024, pale ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Mombasa na kaunti jirani za Pwani, katika majira yale yale ulipokuwa ukisumbua Dar es Salaam. Nyumba nzima iliweza kuugua kwa juma moja. Ushauri ulikuwa mwepesi: kunawa mikono, kutochangia taulo wala mito, kukaa nyumbani na kusubiri. Wengi walipona, walhamdulillah, ndani ya wiki moja au mbili.

Kinachotutia hofu ni mazoea yaliyobaki baada ya wimbi lile. Tangu hapo, jicho lolote likiwa jekundu, jibu liko tayari: "Ni macho mekundu hayo, yatapita." Chupa ya matone iliyobaki kabatini hutolewa, jirani huleta ya kwake, au mtoto hutumwa duka la dawa na kuagizwa aombe "dawa ya macho" bila ya mwenye duka kuliona jicho lenyewe.

Macho mekundu ya kuambukizana huanza jicho moja na aghalabu huhamia la pili baada ya siku chache. Huwasha, hutoa machozi na matongo, lakini mgonjwa akishafuta matongo huona vyema kama kawaida. Herpesi ya jicho ina tabia nyengine. Kwa kawaida hushika jicho moja na kubaki humo. Jicho huuma, au hukwaruza kana kwamba kuna punje ya mchanga iliyokataa kutoka. Mwanga humchoma mgonjwa hata akapenda kukaa chumbani pazia limeshushwa. Na kuona huingia ukungu ambao haufutiki kwa leso wala kwa maji.

Basi alama za kushika ni nne: jicho moja, maumivu, kuchukia mwanga, na kuona ukungu. Mtu hahitaji kuwa nazo zote nne ndipo aende hospitali. Maumivu au ukungu peke yake inatosha. Wala alama hizi si mizani isiyokosea, kwani kwa watoto wadogo na kwa wenye kinga dhaifu herpesi huweza kushika macho yote mawili. Ndiyo maana tunasema jicho lipimwe, kulikisia hakutoshi.

Virusi hivi hutoka wapi?

Virusi vya herpesi ni ukoo wenye jamaa wengi, na wawili kati yao ndio wanaohusika zaidi na jicho. Wa kwanza ni herpesi simpleksi aina ya kwanza, ambayo huleta yale malengelenge madogo ya mdomoni yanayowatoka watu baada ya homa. Wa pili ni virusi vya tetekuwanga, ambavyo hurudi ukubwani kwa sura ya mkanda wa jeshi.

Tuanze na huyu wa kwanza. Wengi wetu humpata utotoni, kwa mate: busu la bibi, kijiko kilichochangiwa, mkono uliogusa mdomo kisha ukagusa uso wa mtoto. Mara nyingi haonekani kabisa, au huleta homa ndogo na vidonda vya mdomoni vikapoa. Lakini virusi vyenyewe haviondoki mwilini. Huingia katika mshipa wa fahamu unaohudumia uso na kulala huko miaka mingi. Mwili ukichoka, kwa homa kama ya malaria, kwa jua kali, kwa maradhi au kwa dhiki, huweza kuamka na kufuata mshipa ule. Safari nyengine huishia mdomoni. Safari nyengine huishia kwenye konea, ile ngozi nyembamba iliyo wazi kama kioo mbele ya mboni.

Konea ikipata kidonda, mwanga hauingii sawasawa. Kidonda kikipoa bila tiba nzuri huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati ya kioo mtu huona ulimwengu kama aliye nyuma ya dirisha lililopakwa chokaa. Kila mara ugonjwa unaporudi, kovu huongezeka.

Dawa inayotuliza huku ikiharibu

Katika maduka ya dawa kuna matone ya macho yaliyotiwa steroidi, kama vile deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na mengine yamechanganywa steroidi na dawa ya kuua bakteria. Steroidi si sumu. Ni dawa yenye heshima yake na madaktari wa macho huitumia kila siku. Kazi yake ni kutuliza uvimbe na wekundu. Lakini wekundu ule ni dalili ya mwili kupigana, na steroidi huuamuru mwili uweke silaha chini.

Jicho lenye kidonda cha herpesi likitiwa matone hayo peke yake, mgonjwa hupata nafuu kwa siku mbili tatu. Wekundu hupungua, maumivu hupoa, na aliyeitoa dawa husifiwa. Huku nyuma virusi havina tena wa kuvizuia. Kidonda kilichokuwa chembamba kama uzi hutanuka kikawa kipana kama kisiwa kwenye ramani, na kwa baadhi ya wagonjwa hushuka hadi kwenye tabaka za ndani za konea. Mgonjwa anapomfikia daktari wa macho, muda wa matibabu mepesi umekwishapita.

Hatari hii haiishii kwa herpesi. Mkulima au kibarua aliyechomwa jichoni na jani au kijiti huweza kupata kidonda cha kuvu, na steroidi hukinawirisha vilevile. Kwa hiyo tunawaomba wazazi wetu washike kanuni moja: matone yenye steroidi yasiingie katika jicho jekundu lenye maumivu kabla ya mtaalamu wa macho kuliangalia. Tukiwa dukani tuulize, "Dawa hii ina steroidi?" Muuzaji mwaminifu atajibu, na akiwa hajui, hiyo nayo ni jawabu.

Na dawa za nyumbani je? Maziwa ya mama, asali, maji ya majani, mate ya mzee, vyote hivi tumeviona vikitiwa machoni kwa mapenzi. Jicho lenye kidonda halitaki kitu kisicho safi. Huingiza vijidudu vipya juu ya ugonjwa uliokuwepo, na hupoteza siku ambazo zingeokoa uoni.

Namna jicho linavyopimwa

Wengi wakisikia "kupimwa herpesi" hudhani ni kutolewa damu. Sivyo. Kipimo kikubwa cha herpesi ya jicho ni kuliangalia jicho lenyewe kwa vyombo na kwa jicho lililosomea kazi hiyo. Tutaeleza hatua moja moja ili asiwepo wa kuogopa.

Kwanza ni maswali. Je, ni jicho moja au mawili? Limeanza lini? Limewahi kuugua hivi zamani? Kumetoka malengelenge mdomoni au usoni? Kulikuwa na homa? Kuna kitu kilichochoma jicho? Unavaa lenzi za machoni? Na dawa gani zimekwishatiwa? Swali la mwisho lisijibiwe kwa haya. Chukueni chupa zote mlizotumia, hata ile ya kuazima, mzitie mfukoni mwende nazo.

Pili ni kupima uwezo wa kuona, kila jicho peke yake, kwa ubao wa herufi. Asiyesoma huonyeshwa alama ambazo hueleza kwa mkono zinatazama upande gani. Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha katika ziara zijazo kama jicho linapona au linazama.

Tatu, mpimaji huweza kugusa konea kwa ncha ya uzi wa pamba, taratibu sana. Jicho zima hupepesa papo hapo. Jicho lililopitiwa na herpesi mara nyingi huwa limepungua hisia, kwa kuwa virusi huumiza mshipa wa fahamu. Kipimo hiki hufanywa kabla ya kutiwa dawa ya ganzi, na huisha kwa muda wa kupepesa kope.

Nne ni rangi, na hapa ndipo penye siri yenyewe. Ukaratasi mwembamba wenye rangi ya machungwa iitwayo fluoresini huloweshwa na kuguswa ndani ya kope la chini. Rangi husambaa na machozi, kisha jicho humulikwa kwa mwanga wa buluu. Palipo pazima rangi haikai. Palipo na kidonda hukaa na kung'aa kijani. Kidonda cha herpesi simpleksi kina umbo lake: huchora tawi, lenye vitawi vinavyotoka ubavuni, na kila ncha ya kitawi imevimba kidogo kama tumba. Aliyewahi kuutazama mti uliopukutika majani dhidi ya mbingu ya magharibi atalifahamu umbo hilo. Magonjwa machache huliiga, lakini mtaalamu akiliona, mara nyingi huwa ameshapata jawabu bila ya kusubiri maabara.

Kipimo hiki hakichukui zaidi ya dakika chache, hakiumi, na ukaratasi wake si kitu cha gharama kubwa. Rangi hutoka yenyewe na machozi, ila huweza kuacha doa kwenye leso au nikabu ya rangi nyeupe, na wenye lenzi wazivue kabla.

Tano ni darubini ya macho. Mgonjwa huweka kidevu na paji la uso kwenye kiegemeo, na daktari hupitisha ukanda mwembamba wa mwanga kuangalia tabaka za konea na chumba kilicho nyuma yake. Herpesi huweza kuingia ndani bila ya kuacha kidonda juu, na hapo rangi peke yake haitoshi. Presha ya jicho nayo hupimwa, kwani herpesi ya ndani huweza kuipandisha.

Sita ni maabara, inapohitajika. Ugonjwa ukiwa na sura isiyoeleweka, au dawa ikikataa kufanya kazi, kidonda hufutwa kwa kijiti chenye pamba na sampuli kupelekwa kwenye kipimo cha PCR, kile kile tulichokizoea enzi za Korona, hapa kikitafuta chembe za urithi za herpesi. Majibu yakionyesha virusi, huwa ni ushahidi mzito. Yasipoonyesha, hayaondoi shaka yote, kwa sababu sampuli ya jicho ni ndogo mno. Mara chache, ugonjwa ukiwa ndani kabisa, daktari bingwa huchukua tone la maji ya jicho. Hilo hufanywa hospitali kubwa, na si jambo la kila mgonjwa.

Kile ambacho karatasi ya damu haisemi

Tumefika kwenye jambo ambalo limetufanya tuandike.

Baadhi ya wagonjwa hupimwa damu kutafuta kingamwili za herpesi. Majibu hurudi yameandikwa kuwa zipo. Karatasi inafika nyumbani. Mume anaisoma neno moja tu, "herpesi", na neno hilo amelisikia likitajwa pamoja na magonjwa ya zinaa. Au mavyaa anaisoma, na wifi anaisikia. Kabla ya magharibi mwanamke aliyekwenda kutafuta tiba ya jicho anaulizwa alikuwa wapi.

Kinachosemwa na karatasi ile ni hiki tu: mwili huu umewahi kukutana na virusi hivi. Haisemi lini. Haisemi kwa nani. Haisemi kwa njia gani. Wala haisemi kuwa virusi hivyo ndivyo vilivyoumiza jicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50, yaani asilimia 64 ya watu wa umri huo duniani, wana herpesi simpleksi aina ya kwanza. Maana yake ni kuwa mume anayeishika karatasi ile kwa hasira, akipimwa mwenyewe, yumkini majibu yake yatakuwa hayo hayo, na ya mama yake vilevile. Kwa sababu hii kipimo cha damu hakina manufaa makubwa katika kutambua herpesi ya jicho, na madaktari wa macho hawakitegemei.

Ni kweli kwamba kuna aina ya pili ya herpesi simpleksi ambayo huenea zaidi kwa kujamiiana, na aina ya kwanza nayo yaweza kupita njia hiyo. Hatufichi jambo. Lakini herpesi ya jicho la mtu mzima karibu kila mara ni aina ya kwanza, na aina ya kwanza wengi wetu tuliipata tukiwa bado tunabebwa mgongoni. Kuifanya kuwa ushahidi wa uchafu wa mtu ni kosa la elimu. Na kwetu sisi ni zaidi ya kosa la elimu, kwa maana dini yetu imetuonya juu ya dhana mbaya, na imekuhesabu kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi kuwa miongoni mwa madhambi makubwa. Akina baba, msichukue karatasi ya maabara mkaifanya kadhi. Nendeni pamoja na wake zenu kwa daktari, mkae, muulize, mjibiwe.

Na wewe dada unayeficha jicho nyuma ya nikabu ukingoja lipoe ili jina hilo lisitajwe, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Jicho halisubiri watu waache kusema.

Watoto wetu

Kwa watoto suala hili lina uzito wa pekee, na ushahidi wake umetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster, aliyefanya kazi miaka mingi Tanzania, na Alfred Sommer wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Nusu ya watoto hao, chanzo kilikuwa upungufu wa vitamini A. Mmoja katika kila watano, chanzo kilikuwa herpesi simpleksi. Asilimia 17 walihusishwa na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Na asilimia 37 walikuwa wametoka kuugua surua muda mfupi kabla.

Tusomeni hesabu hiyo kwa jicho la mzazi. Surua humdhoofisha mtoto, vitamini A humwishia, herpesi iliyolala huamka, na juu ya yote hayo hutiwa dawa ya majani. Mnyororo huu hukatwa mapema. Kenya mtoto hupewa chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na matone ya vitamini A kila miezi sita tangu afikapo miezi sita hadi miaka mitano. Tusiache hata moja. Nyumbani, mchicha, papai, embe bivu, mayai na maini vina vitamini hiyo.

Mtoto mchanga ana hukumu yake peke yake. Mtoto aliye chini ya siku 28 akiwa na jicho jekundu, lililovimba au lenye matongo mengi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Herpesi kwa kichanga haiishii jichoni. Huweza kufika kwenye ubongo, na saa zina thamani.

Na hapa tunawaomba jambo akina bibi, mashangazi na wazee wetu wanaokuja kumpokea mgeni. Kumbusu kichanga ni mapenzi, na tahniki ni sunna tunayoipenda. Lakini mwenye malengelenge mdomoni, au anayehisi yanaanza kuchipua, asimbusu mtoto na asimfanyie tahniki. Amwachie mwengine aliye mzima. Mama mwenyewe akiwa nayo, anawe mikono kila mara, afunike mdomo, na aendelee kunyonyesha maadamu hana kidonda kwenye titi. Mzazi anayekataa busu kwa upole hajamvunjia mtu heshima.

Mkanda wa jeshi usoni

Jamaa wa pili, virusi vya tetekuwanga, hurudi kwa mlango mwengine. Huanza maumivu ya moto au ya kuchoma upande mmoja wa paji la uso na kichwa, kisha siku chache baadaye hutoka malengelenge upande huo huo bila ya kuvuka katikati. Malengelenge yakishuka hadi ubavuni mwa pua au kwenye ncha yake, hatari ya jicho kushikwa huwa kubwa, maana mshipa unaohudumia ncha ya pua ndio unaoingia jichoni. Dawa ya kuua virusi hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutoka. Tusimalize siku hizo tatu tukipaka unga na masizi.

Mkanda wa jeshi huwapata zaidi wazee. Kijana akiupata usoni, daktari atamshauri apime virusi vya ukimwi, kwa sababu katika eneo letu mara nyingi ugonjwa huu kwa kijana umekuwa alama ya kwanza ya kinga kupungua. Ushauri huo si tuhuma. Anayejua hali yake hupata dawa, akaishi na kulea wanawe.

Stara, saumu na safari

Wako dada zetu wanaoulizia stara. Kupima jicho kunahitaji uso uonekane, kwa kuwa malengelenge ya paji na ya pua ni sehemu ya ushahidi. Sharia imeruhusu kiasi cha haja mbele ya tabibu. Mwanamke anaweza kuomba apimwe na mwanamke ikiwa yupo, na kuingia na mumewe, mwanawe au dada yake.

Wako pia wanaoahirisha hadi Ramadhani iishe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, kinachotiwa jichoni hakifunguzi, kwa kuwa jicho halihesabiwi kuwa njia iliyo wazi ya kuingia ndani ya mwili. Basi rangi ya kupimia na matone havina neno. Vidonge ni jambo jengine, na mgonjwa ana ruhusa yake. Amuulize daktari na shekhe wa msikiti wake. Vivyo hivyo aliyekatazwa kutia maji kwenye vidonda vya uso asiache sala wala asiharibu kidonda. Aulize namna ya kutia udhu au kutayamamu.

Ama safari, najua wengi mtasema wataalamu wako mbali. Mlango wa kwanza ni hospitali ya umma iliyo karibu: ya Likoni kwa watu wa Mtongwe na Timbwani, ya Port Reitz kwa watu wa Magongo na Chaani, na kwa watu wa Kisauni kituo cha afya cha mtaani. Ulizeni afisa wa kliniki wa macho, si chumba cha dawa. Mkipewa rufaa, Coast General ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya Pwani. Ng'ambo ya kusini kuna Kwale Eye Centre, iliyoanza mwaka 1993, na kisiwani kuna Lighthouse for Christ Eye Centre, zote zikishughulika na macho peke yake. Nauli ya matatu na foleni ya feri ya Likoni ni taabu, lakini ni nyepesi kuliko taabu ya kuongozwa mkono maisha.

Tiba ipo

Herpesi ya jicho ni miongoni mwa magonjwa ya virusi yaliyotangulia kupatiwa dawa. Mwaka 1962 daktari Herbert Kaufman wa Marekani alionyesha kuwa kidonda chake chaweza kutibiwa kwa idoksiuridini. Leo inayotumika zaidi ni asiklovia, ambayo Gertrude Elion, mmoja wa waliohusika na kupatikana kwake, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Ipo ya marhamu na ipo ya vidonge. Baadhi ya wagonjwa ambao ugonjwa umeingia ndani hupewa na steroidi pamoja nayo, kwa kipimo na kwa uangalizi. Dawa iliyo hatari mkononi mwa jirani huwa tiba mkononi mwa anayejua anatibu nini.

Ugonjwa huu hurudi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu 703 na kutolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kati ya waliomeza asiklovia kila siku kwa miezi 12, ugonjwa uliwarudia asilimia 19, ilhali kati ya wasioimeza uliwarudia asilimia 32. Kwa hiyo aliyeugua mara kadhaa amuulize daktari kuhusu kinga hiyo, na ahifadhi karatasi zake zote. Jicho likianza tena kukwaruza, asingoje wala asirudie chupa ya zamani.

Ndugu wasomaji, tunayoyaomba ni machache. Jicho likiuma au likiingia ukungu, lipimwe kabla ya kutiwa kitu. Matone ya mtu mwengine yabaki kwake. Na jina la ugonjwa lisitumike kumvunjia mtu heshima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, na atuhifadhie ndimi zetu zisiwadhulumu wenzetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.